Koili Kumi na Tatu za Njia ya Kiambere

Siku niliyokabidhi vifaa, Karimi alinihesabia kila kitu juu ya meza: mashine ya kuunganishia nyuzi, kisu cha kukatia, mashine ya kupimia umbali, mkanda wa kupandia nguzo, nyundo. Karimi ndiye msimamizi wa chumba chetu cha uangalizi mjini Embu, mahali ambapo kila boksi la mteja kutoka Kianjai hadi Kiambere huonekana kwenye kioo kama nukta ya kijani au nyekundu. Alipomaliza kutia alama aliegemea fimbo yake, akaniambia, "Imebaki kitu kimoja, Mzee. Kila anayestaafu siku hizi anaandika kurasa chache za kazi yake, vijana wasome. Lakini wewe usituandikie mahubiri."

"Nitaandika ukweli," nikasema.

"Andika kazi. Ukweli tutautafuta wenyewe."

Nimekaa na kurasa hizi majuma matatu, mimi ambaye huunganisha nyuzi ishirini na nne kabla chai haijapoa. Sababu ni kwamba Karimi ndiye atakayezisoma kwanza, na ndani yake kuna jambo linalohusu fimbo ile, jambo nililolinyamazia miaka minne. Nitalifikia kwa zamu yake. Sijui kuandika ila kwa kufuata waya kutoka mwanzo wake.

Nilizaliwa upande wa Kiambere, Mbeere ya chini, mahali pa mtama, mbuzi na jua. Nyaya kubwa za umeme wa bwawa zilipita juu ya boma letu zikienda kuwasha miji ya watu wengine, nasi tukisomea koroboi chini yake. Hakuna aliyenishika mkono. Nilichoma makaa nikajilipia chuo, nikapata diploma ya mawasiliano, ya kwanza katika ukoo wetu na hadi leo ya pekee yenye alama kama zile. Imetundikwa sebuleni juu zaidi ya picha ya harusi. Mama Wanja, mke wangu, alilalamika mara moja tu.

Kisha nikaenda Doha miaka tisa. Nilivuta faiba, zile nyaya za nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, chini ya mchanga na ndani ya majengo marefu ambayo ukiwa kwenye lifti tu unaweza kumaliza kula ndizi. Huko nilijifunza usafi: uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele, na chembe moja ya vumbi kwenye ncha yake inatosha kuzuia mwanga. Vilevile nilijifunza jambo jingine kutoka kwa msimamizi wetu, mtu mkimya aliyekaa miaka mingi kuliko sisi sote. Alikuwa akigonga kichwa chake kwa kidole na kusema kwamba anayeandika kila kitu hupanda ndege ya kwanza kurudi kwao. Wengi walirudishwa. Yeye hakurudishwa. Nami nilipoondoka, niliondoka kwa hiari yangu, nikiwa na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vifaa, na somo lile likiwa kichwani.

Kazi yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa Meru. Nilifika asubuhi nikiwa na buti mpya na miwani ya jua. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ireri, Muembu aliyezeekea kwenye nyaya za simu za shaba, na mikono yake ilikuwa na ngozi kama ya kobe. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Wewe ndiye Doha?"

"Ndimi, Mzee."

"Huko kulikuwa na nguzo?"

"Hapana. Kila kitu kilikuwa chini ya ardhi."

"Basi hujui kitu bado," akasema, akanipa nyundo.

Tulitembea siku nzima kando ya barabara ya Kiirua bila kugusa uzi hata mmoja. Tuligonga nguzo. Iliyo nzima hulia kavu, iliyooza hulia kama gunia la mahindi. Lakini Ireri hakuridhika na mlio. Kila baada ya nguzo kadhaa alipiga magoti na kuchimba kwenye shina kwa bisibisi, kina cha kiganja kimoja. "Mchwa hali mahali unapoona," aliniambia. "Juu anakuachia gamba upigepige na nyundo yako, ufurahi." Alikuwa pia na kopo la rangi nyeupe na brashi ya kupakia viatu. Alichokiona alikiandika kwenye nguzo yenyewe, kwa herufi kubwa, ili hata mchunga ng'ombe angejua. Niliona ni ushamba. Nilitoka nchi ambako nyaya huwekewa vibandiko vinavyochapishwa.

Nilibadilishwa jina siku ileile. Tangu hapo nikawa Mzee Doha, hata kabla sijapata mvi.

Kwa mgeni wa kazi hii nieleze tunachofanya, kwa kifupi. Mteja mkubwa, tuseme benki, shule au hospitali, anataka ofisi zake zizungumze kana kwamba ziko chumba kimoja. Tunampelekea faiba mpaka mlangoni. Mwisho wa faiba tunamfungia boksi, kubwa kiasi cha Biblia ya madhabahuni, lenye taa kadhaa mbele. Boksi hupokea mwanga upande mmoja na kumpa ethaneti, yaani waya wa kawaida wa kompyuta, upande wa pili. Hapo ndipo mpaka. Kitu kikiharibika kabla ya boksi, ni chetu. Kikiharibika baada yake, ni cha mteja, na tunamwambia kwa adabu. Ukiwa ofisini unaweza kutuma pakiti za data na kuliamuru boksi lizirudishe zilikotoka. Zikirudi zote, unakunywa chai. Zisiporudi, unatafuta viatu.

Meru tulijenga mzingo, yaani faiba inayofika kwa mteja kutoka pande mbili, upande mmoja ukikatika mwanga unageuka na kuja kwa upande wa pili, wala mteja hajui. Mbeere ya chini hatukujenga mzingo. Tulijenga mkia: waya mmoja unatoka kituo chetu kidogo cha Kiritiri, unateremka juu ya nguzo hadi Kiambere, basi. Ukikatika, kila kilicho mbele yake kinazimika. Nilisema mkutanoni kwamba kwetu hata mwanga huja kwa mguu mmoja. Walicheka. Haikuwa mzaha.

Kuhusu ufundi sitajificha nyuma ya unyenyekevu. Kulikuwa na ofisi moja Kianjai ambayo kiungo chake kilianguka kila asubuhi muda mfupi baada ya kufunguliwa na kurudi adhuhuri. Wenzangu walibadilisha boksi mara mbili. Walibadilisha kile kidude cha kuchomeka kinachotoa mwanga. Wakapima njia nzima, ikawa safi. Mimi niliomba kiti, nikaketi mbele ya kabati la vifaa tangu saa moja asubuhi. Saa mbili akaja bawabu, mtu mstaarabu sana, akafungua kabati kwa ufunguo wake, akaweka koti la mvua na chupa ya uji, akafunga. Chupa iliibana kola ya koti ikaukunja uzi, na uzi wa kioo ukikunjwa sana mwanga unamwagika. Adhuhuri alichukua uji wake, uzi ukanyooka.

"Kumbe ni mimi?" bawabu akaniuliza.

"Ni uji," nikamwambia. Ripoti yangu ilikuwa na mstari mmoja. Mpaka leo vijana huisimulia, ingawa baadhi yao sasa wanasema ilikuwa ni chai.

Sasa nifike kwenye koili. Ukivuta faiba juu ya nguzo, huivuti mpaka ikaisha. Kila baada ya umbali fulani unaacha ziada, mita arobaini hivi, unaizungusha na kuifunga kwenye nguzo kama kamba ya ng'ombe. Hiyo ni akiba. Waya ukikatika siku moja, unavuta akiba hiyo na kuunganisha. Fundi asiyeacha koili anamwachia mwenzake laana.

Ila koili zina tabia moja. Mashine ya kupimia umbali hurusha mwanga ndani ya uzi na kukuambia uzi umekatika mita ngapi kutoka ulipo. Inapima uzi, haipimi barabara. Zile mita arobaini zilizozungushwa juu ya nguzo inazihesabu pia. Ukipita koili tano, umedanganywa mita mia mbili. Kwa hiyo fundi lazima ajue koili ziko wapi, ajumlishe, aondoe, ndipo apate nguzo ya kweli. Mchoro wa njia ya Kiambere ulionyesha koili mbili. Sisi tulioijenga tuliacha nyingi zaidi kwa sababu nilisisitiza, nami nilikuwa sahihi. Nilizinakili zote katika daftari dogo jekundu, kwa nambari za nguzo. Daftari lilikaa mfuko wa shati.

Mzee Ireri alistaafu na hakukaa sana, akafariki. Mvua zilifuta rangi yake nguzo moja baada ya nyingine. Baada yake akaja Injinia Kinoti, kijana wa digrii kutoka Meru, mpole, mwenye meno meupe, aliyeniita "Mzee wangu" hata alipokuwa akinipa amri. Alituletea simu zenye ramani. Kila fundi alitakiwa atembee njia zake, aingize humo kila koili, kila kopo la maungio linalofunika nyuzi zilipounganishwa, kila nguzo mbaya.

Nilitembea. Niliingiza kila kitu kama kilivyokuwa kwenye mchoro. Koili mbili.

Nataka muelewe hili bila kunihurumia. Watu wa digrii walikuwa wakija, wakikaa mwaka mmoja, wakipanda cheo. Mimi nilikuwa na diploma na daftari. Kila waya wa Mbeere ulipokatika, walizunguka na mashine yao, wakachoka, wakanipigia simu. Nilikuwa nauliza mita, nakaa kimya kidogo kama mtu anayesikiliza mawimbi, halafu nataja nguzo. Wakienda, wanakuta. Walisema Mzee Doha ananusa faiba. Kinoti alisimulia jambo hilo mbele ya wageni. Sikuwahi kusikia utamu kama huo Doha wala kanisani. Kila wakati niliwaacha wazunguke kwanza. Ilikuwa ndiyo desturi yangu: nusu saa wahangaike, ndipo niseme.

Karimi alikuja miaka miwili baada ya ramani. Binti wa Kianjai, diploma kama yangu, kucha fupi, maneno mafupi. Siku ya kwanza nilimpa uzi na kisu. Kukata uzi wa kioo sawasawa si nguvu, ni pumzi. Alikata, akaunganisha, mashine ikaonyesha hasara ya mwanga ndogo kuliko yangu. Niliifuta ile namba kabla Kinoti hajaiona.

Tulifanya kazi pamoja vizuri kuliko baba na bintiye. Nilimfundisha mpangilio wa rangi za nyuzi tukiwa garini, akaukariri kabla hatujafika Runyenjes: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe. Nilimfundisha kugonga nguzo. Alinitania kuhusu muguka wa kwetu, kwamba Wameru hutafuna miraa, kijiti kizima chenye heshima, lakini sisi tunatafuna majani.

"Mzee, si mbuzi ndio hula majani?"

"Na mchwa ndio hula miti," nikamjibu.

Alicheka hadi akaweka chini kikombe. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kilichokuwa mfukoni. Nilijiambia nitampa siku nitakayostaafu, kama zawadi.

Sasa nguzo ya 228. Miaka minne iliyopita, kabla ya mvua fupi, nilipita peke yangu njia ya Kiambere kuangalia matawi. Nguzo ya 228 ina kopo la maungio juu yake, kwa hiyo ni nguzo muhimu. Niliigonga, ikalia vizuri. Kwa sababu ya Ireri nikapiga magoti, nikachimba kiganja kimoja. Bisibisi iliingia hadi mpini. Ndani mlikuwa na unga. Nguzo ile ilikuwa imesimama kwa kuning'inia kwenye waya, wala si waya kuning'inia kwake.

Niliandika katika daftari jekundu: 228, mchwa, usipande. Sikuandika kwenye simu. Mkutano wa robo mwaka ulikuwa majuma mawili mbele, na Kinoti alikuwa amejisifu kwamba njia zote zimekaguliwa kwa ramani yake. Nilitaka kuinuka mbele ya wakubwa, niitaje nguzo hiyo kwa nambari, nikae. Nilikuwa nimeshachagua hata shati.

Siku sita kabla ya mkutano, nilikuwa Kiirua nikifunga boksi kwenye shamba la maua. Saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa Karimi, yuko Kiritiri, akihema kidogo.

"Mzee, mkia umekatika. Boksi la hospitali ya Kiambere limezimika na mengine yote ya mbele."

Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni. Picha zao za eksirei husomwa na daktari aliye Embu, kupitia boksi letu. Karani wao alikuwa akimpigia Karimi kila baada ya dakika kumi. Walikuwa na mama mmoja juu ya meza, ameanguka kutoka kwenye punda, wakingoja kuambiwa kama wamsafirishe au wasimtikise.

"Mashine inasema nini?" nikamuuliza.

"Mita elfu kumi na moja na mia nne. Nimetoa zile koili mbili za ramani. Lakini kuna kopo la maungio karibu hapo, naona labda ni maungio yamejaa maji. Au kuna koili zingine? Nianzie wapi?"

Mafundi wawili wa shamba walikuwa wamesimama karibu nami wakisikiliza. Nikaweka simu kwenye kipaza sauti.

"Mashine unayo," nikasema. "Ramani ya Injinia unayo. Soma mashine, mwanangu. Si mlisoma?"

Wale wawili wakacheka. Karimi akasema, "Sawa, Mzee," kwa sauti ya mtu anayekubali mzaha asiokuwa na wakati nao.

Hesabu niliifanya kabla simu haijakatika. Kulikuwa na koili kumi na tatu kabla ya hapo, si mbili, zinazokula mita mia tano na ishirini. Waya ulikuwa umekatika kati ya nguzo ya 217 na ya 218, nilikuwa na hakika, na baadaye ilithibitika: mtu alikuwa amechoma vichaka akisafisha shamba, moto ukaramba waya. Karimi alikuwa anaelekea mbele zaidi, kwenye kopo la maungio. Nguzo ya 228.

Nilijua. Msiseme sikujua. Nilitazama saa, nikajiambia nusu saa. Nitampigia baada ya nusu saa, atakuwa bado njiani kwenye ile barabara mbovu, nitamwambia arudi nyuma nguzo kumi, na jioni ofisi nzima itasikia. Kuhusu mchwa nilijiambia ataigonga, nimemfundisha kugonga. Kisha meneja wa shamba akaja na swali kuhusu kamera zake, nikamjibu kwa urefu, kama ninavyopenda. Nilipotazama saa tena zilikuwa zimepita dakika hamsini. Nilipiga. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga mara ya pili, akapokea dereva wake.

"Mzee, njoo. Nguzo imeanguka naye."

Aliigonga. Dereva aliapa hivyo, kwamba aliigonga mara tatu, ikalia vizuri, akapanda. Nilikuwa nimemfundisha nyundo. Kiganja cha udongo sikumfundisha, kwa sababu kila mtu anapenda kubaki na kitu chake.

Walimpeleka kwenye hospitali ileile. Picha ya nyonga yake ilikwama palepale kama picha ya yule mama wa punda, kwa sababu waya ulikuwa bado umekatika. Daktari wa Embu hakuweza kuona chochote. Mimi ndiye niliyefika saa tisa, nikaenda moja kwa moja hadi nguzo ya 217, nikavuta koili, nikaunganisha. Sijawahi kuunganisha vibaya vile. Boksi la hospitali likawaka taa ya kijani. Picha mbili zikaenda Embu pamoja. Yule mama alikuwa na mchubuko tu. Karimi alikuwa amevunjika mahali pawili, na saa zile za kungoja, daktari alituambia baadaye bila kumlaumu mtu, hazikumsaidia.

Kinoti alinishika bega mbele ya watu. "Umeendaje moja kwa moja hadi mahali, Mzee wangu?"

"Nimeona moshi," nikasema.

Ripoti iliandikwa juma lililofuata. Ilisema fundi alisoma umbali vibaya, akaenda mahali pasipo na hitilafu, akapanda nguzo bila kuikagua ipasavyo. Ilihitaji sahihi ya fundi mwandamizi. Niliisoma yote. Kalamu niliyotia nayo sahihi ilikuwa yangu mwenyewe, niliyotoka nayo Doha.

Baada ya hapo nguzo zote za mkia zilichimbwa na kukaguliwa, mbovu zikang'olewa. Hapo kwenye 228 leo kuna nguzo ya zege. Karimi alikaa nyumbani Kianjai miezi minane. Nilikwenda kumwona na ndizi na sukari, mama yake akanishukuru kwa kuwa kama mzazi. Aliporudi alipewa kiti katika chumba cha uangalizi, kwa kuwa hawezi tena kupanda. Ile mikono iliyokata uzi vizuri kuliko yangu sasa inashika kipanya cha kompyuta.

Koili sikuziingiza kwenye ramani hata baada ya hapo. Kuziingiza ni kuonyesha kwamba nilikuwa nazijua. Badala yake, kila mkia ulipokatika nilikwenda mimi, hata nikiwa likizoni, hata nikiwa na malaria. Kwa miaka minne hakuna mtu mwingine aliyeshika hitilafu ya njia ile. Ofisi ilinipa cheti cha kujitolea. Hakijatundikwa.

Mwezi uliopita nilipita nje ya chumba cha mafunzo. Karimi alikuwa akifundisha kundi jipya. Alikuwa amesimama kando ya ubao, fimbo mkono mmoja, na alichora nguzo.

"Mimi nilisoma mashine vibaya," aliwaambia. "Nilikuwa na haraka. Mzee alinionya nisome vizuri, nikasoma vibaya. Msiwe kama mimi."

Mmoja akamuuliza alikosea hesabu gani hasa.

"Hata leo sijui," akasema. "Nimeirudia mara nyingi. Kila mara napata 228."

Nilisimama pale mlangoni na daftari mfukoni. Kisha nikaenda kuosha gari.

Sasa nimestaafu na mkia bado uko pale. Safari nyingine ukikatika atatumwa mmoja wa wale, na mashine yake itamdanganya kama ilivyomdanganya Karimi. Kwa hiyo nimebana daftari jekundu nyuma ya kurasa hizi. Kwa asiyetaka kulifungua, koili kutoka Kiritiri hadi pale ulipokatika waya ziko kwenye nguzo za 14, 31, 47, 62, 78, 95, 112, 129, 146, 163, 181, 198 na 211. Kila moja mita arobaini. Za mbele zaidi zimo ndani. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una maneno mawili kuhusu 228, na tarehe yake inatangulia ile ripoti. Injinia Kinoti ataona mwandiko ni wangu. Ripoti ile ibadilishwe. Mahali palipoandikwa jina la fundi aliyekosea, waweke la aliyetia sahihi.

Vijana, gongeni nguzo, kisha chimbeni kiganja kimoja. Mzee Ireri alisema hivyo, nami nilimwona mshamba.

Karimi, hesabu yako ilikuwa sawa. Uliondoa koili zote ulizopewa. Siku ile uliniuliza uanzie wapi, nami nikalicheka swali lako mbele ya watu, na sijawahi kulijibu. Anzia nguzo ya mia mbili kumi na saba.